Afande, kikokotoo huwezi kukibadilisha, ila ile barua ya 1993 itafute leo

"Dada habari za kazi. Mimi ni askari polisi, stafu sajenti, nipo Kigoma mjini. Niliajiriwa Julai 1993 na mwisho wangu kazini ni Juni 2026. Mshahara wa msingi kwa hii miaka ya mwisho ni kama laki tisa. Kila nikikaa na wenzangu nasikia jipya, mara kikokotoo kimefutwa kwa sisi askari, mara tunapewa asilimia 33, mara 40, mara mkupuo wetu umeliwa na mfuko. Nimeingia kwenye simu kuangalia michango yangu, naona inaanzia 1999 na kuna miezi mitano ya 2014 haipo kabisa. Hela niliyoiona pale ni ndogo hadi nimeshindwa kulala. Bado nakaa line na familia, nina kiwanja Gungu chenye msingi tu. Kuna jamaa yangu ananishauri mkupuo wote nichukue boti na nyavu Kibirizi tufanye dagaa. Sasa naomba kujua, nitapata shingapi kweli? Kwa nini wenzetu wa JWTZ wao hawana haya mambo? Na hiyo biashara unaionaje?"

Kaka yangu afande, nzuri, pole na presha ya kustaafu. Nimefanya kazi ya kuandaa mafao ya watumishi miaka mingi na nikuambie tu, wewe sio wa kwanza kushindwa kulala kwa sababu ya ile namba ya kwenye simu. Karibu kila anayenijia huwa anaanzia hapohapo, kwaiyo na mimi naanzia hapo.

Ile hela unayoiona kwenye taarifa ya michango sio mafao yako. Ni kumbukumbu tu ya kilichokatwa na kilichochangiwa. Kila mwezi wewe unakatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri anaweka 15, maana yake kwenye laki tisa inaingia laki na themanini. Watu wanachukulia kama kibubu, kwamba siku ya mwisho kinavunjwa unapewa kilichomo. Hapana. PSSSF, yaani mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, hawavunji kibubu, wanatumia kanuni, ndio hicho kikokotoo, na hiyo kanuni haiulizi kabisa una shilingi ngapi kwenye akaunti. Inauliza umetumikia miezi mingapi na mshahara wako ulikuwa kiasi gani. Basi. Ndio maana mtu anaweza kuwa na michango inayoonekana kidogo alafu akapata mafao makubwa kuliko hiyo michango, hasa nyie mlioanza zamani wakati mishahara ilikuwa midogo.

Sasa tufanye hesabu yako, chukua kalamu.

Wanachukua wastani wa mshahara wako wa miaka mitatu iliyo bora ndani ya miaka kumi ya mwisho. Tuseme ni laki tisa kwa mwezi, kwa mwaka ni 10,800,000. Wanazidisha kwa miezi yako ya utumishi. Julai 1993 mpaka Juni 2026 ni miaka 33, miezi 396. Alafu wanagawanya kwa 580. Unapata 7,373,793. Hiyo ndio pensheni yako kamili ya mwaka, na ndio mama wa kila kitu kinachofuata.

Hiyo pensheni inakatwa vipande viwili. Kipande kimoja, asilimia 40, kinazidishwa kwa 12.5 unapewa kwa mpigo, ndio mkupuo. Kwako inakuja kama 36,868,000. Kile cha asilimia 60 kinachobaki kinagawanywa kwa 12, ndio pensheni ya kila mwezi, kwako ni kama 368,690. Namba zako halisi zitapishana kidogo kutegemea salary slip zinasemaje, ila hazitaenda mbali na hapo. Na usiingize posho ya chakula wala posho nyingine yoyote kwenye hesabu, hizo hazichangiwi kwaiyo hazipo kwenye pensheni. Askari wengi wanaumia hapa kwa sababu wamezoea kile kinachoingia benki kwa jumla, wakija kukokotolewa mshahara wa msingi peke yake wanahisi wameibiwa.

Kwa nini 40 na sio 33? Hapa ndio kwenye vurugu ya vijiweni. Zamani wewe ulikuwa kwenye mfuko wa PSPF, na PSPF walikuwa wanatoa mkupuo wa nusu kwa nusu. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF ikaunganishwa ikawa PSSSF, ikaja kanuni mpya ya kutoa asilimia 25, watu wakapiga kelele mpaka Rais Magufuli akaisimamisha mwezi wa Disemba mwaka huohuo na kurudisha hesabu za zamani kwa kipindi cha mpito. Alafu Julai 2022 ikaanza hii ya 33 kwa wote. Kelele hazikuisha, na kwenye bajeti ya Juni 2024 Serikali ikatangaza kupandisha, wale waliokuwa kwenye mifuko ya asilimia 50 kama wewe wakapelekwa 40, na wale waliokuwa kwenye mifuko ya 25 wakapelekwa 35. Kwaiyo anayekwambia 33 anasoma gazeti la zamani, na anayekwambia kimefutwa kwa askari huenda amesikia mbunge akichangia. Ni kweli wabunge wamelisemea sana hili la polisi. Ila kusemewa bungeni sio sheria, wewe panga maisha kwa sheria iliyopo, ikibadilika kabla ya Juni basi ni furaha ya ziada.

Sitakudanganya kwamba hamjapunguziwa, mmepunguziwa. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF ungegawanya kwa 540 badala ya 580, mkupuo ungekuwa asilimia 50, na ungezidishwa kwa 15.5 badala ya 12.5. Ungeondoka na 61,380,000 na pensheni ya 330,000 kwa mwezi. Yaani mkupuo umepungua kama milioni 24 na nusu, na kwa mwezi umeongezewa 38,690. Nimekaa nikagawanya, ili hiyo nyongeza ya mwezi ifidie kilichopungua unahitaji miezi 633, zaidi ya miaka 52. Kwaiyo yule ofisa anayekuja kwenye semina na kusema kanuni mpya ni bora kwa kila mtu, msikilize kwa heshima alafu mpe kalkuleta.

Ila kuna kitu kimoja nataka ukielewe maana kinabadilisha namna ya kuufikiria mkupuo. Ile 12.5 ni miaka. Unachofanya pale ni kuuza asilimia 40 ya pensheni yako, mfuko unakulipa leo hela ambayo ungeipokea kidogokidogo kwa miaka kumi na miwili na nusu. Linganisha 33 na 40 utaona. Kwa 33 ungepata mkupuo wa milioni 30.4 na pensheni ya 411,700. Kwa 40 unapata milioni 36.9 na pensheni ya 368,690. Tofauti ya mkupuo ni milioni 6.45, tofauti ya mwezi ni 43,000, gawanya, inakuja miezi 150, ndio hiyo miaka 12.5 kamili. Akiishi zaidi ya hapo mwenye mkupuo mdogo ndio anakuwa mbele, na akiondoka mapema mwenye mkupuo mkubwa familia yake ndio imepata. Mkupuo sio zawadi ya kuagwa, ni mshahara wako wa uzeeni umeulipwa mapema. Mtu akikuomba umkopeshe milioni kumi kutoka pale, anakuomba chakula chako cha mwaka 2035.

Na kwa nini walipunguza? Sababu ni ndefu, ila kubwa ni kwamba PSPF ilianza 1999 ikabebeshwa watu ambao walikuwa hawajachangia hata senti kabla ya hapo, maana zamani pensheni ilikuwa inalipwa na Hazina moja kwa moja. Mfuko ukawalipa, Serikali ikawa inadaiwa. Mwaka 2021 Serikali ikatoa hatifungani maalumu, yaani hati ya deni, ya shilingi trilioni 2.17 kupunguza deni hilo. Kwaiyo "mkupuo wetu umeliwa" sio sahihi sana, ila na "mfuko ulikuwa na afya njema" nayo sio kweli.

JWTZ hawamo PSSSF. Wao hawakatwi ile asilimia 5, wanalipwa na Hazina kwa sheria zao za ulinzi. Nyie polisi, pamoja na magereza, uhamiaji na zimamoto, mpo kwenye mfuko na raia wengine, mwalimu na nesi. Kama ni haki au sio haki hilo ni swali la siasa na nina maoni yangu, ila halitakusaidia kwenye faili lako.

Tena faili ndio neno. Ukiangalia ile kanuni, 580 huwezi kuigusa, 40 huwezi kuigusa, 12.5 huwezi kuigusa. Vitu viwili tu vinatoka kwako, miezi na mshahara. Na wewe kwenye miezi una shida mbili.

Ya kwanza, michango inaanzia 1999. Hiyo isikutishe, ni kwa sababu kabla ya Julai 1999 hapakuwa na kuchangia. Ila utumishi wako wa Julai 1993 mpaka Juni 1999 unahesabika, ni miezi 72, sharti uthibitishe kwamba ulikuwepo kazini. Unathibitisha kwa nini? Kwa karatasi. Barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, na kumbukumbu za jeshini za tangu ulipotoka depo. Hiyo miezi 72 kwenye hesabu yako ina thamani ya 6,700,000 kwenye mkupuo na 67,000 kila mwezi mpaka unaondoka duniani. Kuna mzee mmoja wa Ujiji alinijia na bahasha ya kaki imefungwa na mpira wa baiskeli, akaifungua taratibu, ndani barua ya ajira mchwa wameila katikati, limebaki jina juu na muhuri chini, tarehe hakuna. Tulihangaika miezi kwenye masjala mpaka nakala ikapatikana kwenye faili lake la kituo cha kwanza alichopangiwa. Mwingine anaweza asiipate. Kwaiyo leo jioni, sio wikiendi, mwambie wifi akusaidie kushusha lile sanduku la juu ya kabati. Barua ukiipata piga picha, toa kopi tatu, moja ikae nje ya nyumba ya line.

Ya pili, miezi mitano ya 2014. Hapa mara nyingi ni uhamisho, mtu anatoka mkoa huu kwenda ule, jina linachelewa kwenye orodha ya malipo, au mchango ulipelekwa kwa namba ya uanachama iliyokosewa. Tafuta salary slip za miezi hiyo. Ukionekana ulikatwa, peleka kwa mhasibu na ofisi ya utumishi ya mkoa waandike, wewe hukosi haki kwa sababu mwajiri hakupeleka. Miezi mitano ni kama 465,000 ya mkupuo na 4,600 ya mwezi. Wapo wanaosema achana nayo. Mi nasema laki nne na nusu ni mabati.

Upande wa mshahara, jiulize cheo ulichovaa begani kama kipo kwenye mshahara. Hii naiona sana kwa askari, V imeongezeka, picha imepigwa, sherehe imefanyika, slip bado inasoma cheo cha zamani. Kwa kuwa wanachukua wastani wa miaka mitatu, kupanda mwishoni kunasaidia kidogo tu. Mfano mshahara ukipanda 120,000 kwa mwaka mmoja wa mwisho, wastani unapanda 40,000, na hiyo inakuongezea kama 1,638,000 kwenye mkupuo na 16,000 kwa mwezi. Ila kama ulipandishwa miaka minne iliyopita na mshahara haujarekebishwa hapo ndio umekalia hela, dai kabla hujastaafu. Ukishatoka nje ya geti barua zako zinaanza kusafiri polepole, sijui kwa nini ila ndivyo ilivyo.

Jina nalo. NIDA, barua ya ajira, slip, akaunti ya benki, vyote visome sawasawa. Hamisi na Khamis kwa mama yako ni mtoto mmoja, kwa kompyuta ni watu wawili. Kama yanapishana tengeneza kiapo cha kurekebisha jina mapema. Majalada yakishakamilika sheria inataka ulipwe ndani ya siku 60, ila hizo siku zinahesabiwa baada ya nyaraka kukamilika na sio toka siku uliyovua sare. Wengi wanaosema "nimekaa mwaka sijalipwa" ukifungua faili unakuta karatasi moja haipo na hakuna aliyemwambia.

Alafu kuna vya mwajiri ambavyo watu huwa wanaenda kuulizia mfuko na kurudishwa. Nauli yako na familia, gharama ya kusafirisha mizigo kwenda nyumbani, malimbikizo ya mshahara, hayo ni ya jeshi sio ya PSSSF. Andika madai yako ukiwa bado kazini. Na ulizia kadi ya bima ya mstaafu na mwenza wako kabla hii ya sasa haijafungwa.

Haya, tuje Kibirizi.

Afande, sina ugomvi na dagaa. Nimezaliwa huku, najua dagaa limesomesha watu. Ila milioni 36 zote kwenye boti, kwa mtu ambaye hajawahi kulala ziwani hata usiku mmoja, hapo lazima nikuulize. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu hakuna kuvua, samaki wazaane. Kwa samaki ni jambo jema. Kwa mstaafu aliyeweka kila kitu kwenye mashine, nyavu na taa ni miezi mitatu ya kuangalia mtumbwi umepinduliwa mchangani huku vijana wake wanamuomba hela ya kula. Na hata likiwa wazi kuna mbalamwezi, siku zile hata taa ziwake vipi dagaa hawaji. Mwenye mtumbwi asiyeenda ziwani pia anauziwa hadithi, anaambiwa tulipata ndoo sita kumbe kumi zimeshushwa kando usiku. Wewe umekuwa askari miaka 33, unajua mambo haya kuliko mimi.

Mi ningekuwa wewe ningeanza na Gungu. Unaondoka line, ile nyumba sio yako, na mtu anayelipa kodi kwa pensheni ya 368,000 anaumia. Maliza vyumba viwili na sebule, bati juu, choo, maji, hamia. Usimalize nyumba ya ndoto, maliza nyumba ya kuhamia. Fundi atakushawishi uongeze varanda, kataa. Kinachobaki kigawe, kiasi weka mahali pa utulivu kama akaunti ya muda maalumu, au vipande vya UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, au hatifungani za Serikali ambazo zinalipa riba kila miezi sita, sio kwa ajili ya utajiri ila kwa ajili ya usiku ule mtoto amelazwa na pensheni haijatoka. Ukitaka shamba, michikichi ya kisasa ya mbegu za kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga inaanza kuzaa baada ya kama miaka mitatu, nzuri kwa mwenye kitu kingine cha kumlisha hiyo miaka mitatu. Dagaa kama unalipenda kweli anza kwa kununua lililokaushwa na kuuza, kwa hela ambayo hata ikizama hutaumwa. Baada ya mwaka utakuwa unajua kama boti unaitaka au ni huyo jamaa yako ndiye anayeitaka.

Mikopo hujaitaja, sijui kama kweli huna. Kama kuna mtu mtaani ameshika kadi yako ya benki na namba ya siri, malizana naye kabla ya Juni, nenda benki funga hiyo kadi uchukue nyingine, maana mkupuo utaingia kwenye akaunti hiyohiyo na yeye atauona kabla yako. Na utapigiwa simu, hilo nakuhakikishia. Sauti ya upole, anajua jina lako na namba yako ya jeshi, anakwambia faili limekwama Dodoma tuma laki mbili tulitoe. Kata simu. Hakuna malipo ya kutoa faili, wala anayepandishiwa mkupuo kwa rushwa, kanuni ni ileile kwa RPC, kamanda wa polisi wa mkoa, na kwa konstebo.

Ukishaanza kulipwa kuna uhakiki kila mwaka, siku hizi unaweza kujihakiki kwa simu, ukipitiliza pensheni inasimama mpaka uonekane uko hai. Mwambie wifi haya yote pia. Fao la warithi lipo, ila asitegemee ataendelea kupokea kama ulivyokuwa unapokea wewe, na bila cheti cha ndoa na vyeti vya watoto vinavyosomana atazunguka mahakamani na mirathi wakati ana msiba. Kama mlifunga ndoa ya kimila au msikitini na cheti hamkuwahi kukichukua, kifuatilieni.

Sasa mambo ya kwenda mwenyewe kwa miguu, usiyamalize kwa simu wala kwangu: miezi ya 2014, utumishi wa kabla ya 1999, na jina kama linapishana. Anzia ofisi ya utumishi kwa RPC, omba uone faili lako lina nini, alafu nenda ofisi ya mfuko ya mkoa na nakala, omba wakukokotolee makadirio kwa maandishi. Ukipata ile karatasi ya makadirio linganisha na hesabu tuliyofanya hapa. Wakiandika miezi 396 umemaliza. Wakiandika 324 ujue 1993 yako haijaingia, na wakiandika 319 basi na ile mitano ya 2014 nayo bado, urudi kwenye sanduku.